Joho la Simba na Amina ya Ndege

Sultani alikuwa Simba, Mwislamu, na ndege Wayahudi waliishi chini ya himaya yake. Desturi ilikuwa ndege wamchague rabi wao mkuu, kisha Simba amvike joho. Safari hii walimchagua Korongo, aliyeisoma Torati mpaka shingo ikarefuka. Lakini Simba akamvika Kasuku, bingwa wa kusifia manyoya ya sultani.

“Wallahi, bwana msomi, hiyo elimu kachemshie supu,” Kasuku akamcheka.

Korongo akaenda kuketi nyuma ya wenzake.

Sabato ikafika, siku ya kumwombea sultani, na Simba mwenyewe akaja kusikiliza. Kasuku akaomba kwa madoido, akamtakia umri mrefu, kisha akangoja waitikie amina. Sinagogi zima kimya. Hakuna aliyefungua mdomo.

Simba akaingiwa na wasiwasi. “Mbona hawaitikii? Sasa nimeombewa au sijaombewa?”

“Bado, maulana,” Korongo akajibu, shingo juu. “Joho ni lako, mpe umtakaye. Amina ni yetu.”

Simba akamgeukia Kasuku. “Taib. Mvueni huyo.”

Korongo akavikwa joho, akaomba maneno yale yale. Amina iliyoitikiwa ilimsimamisha Simba manyoya, bila kusifiwa na mtu.