Vidole Viwili Chini ya Msumari

Vidole vya mama vilipanda ukuta wa jikoni kimoja baada ya kingine, vikaipita swichi ya taa, vikaelekea kwenye msumari wa kalenda. Mwanawe alisimama pembeni, daftari mkononi, roho juu. Vidole vikafika mwisho, vikakwama.

"Bado vidole viwili," alisema mama, wala hakuonyesha kusikitika.

Ilikuwa Jumamosi ya kumi na moja. Mama alikuja kwa wiki tatu tu, bega la kulia limekaza hata kitana hakifiki kichwani. Mwanawe alikuwa mtaalamu wa viungo hospitalini, kazi yake kuamsha misuli iliyolala, na wenzake walimsifu kwa hilo. Yeye mwenyewe ndiye aliyepanga: siku mama atakapougusa ule msumari, amepona, na atarudishwa kwake kwa heshima zote.

Siku hiyo aliingoja kwa hamu. Tangu mama aje, yeye mwenye nyumba alikuwa amegeuzwa mtumishi. Kila jioni aliosha vyombo na kumwogesha mtoto, na chakula kikiwa mezani simu yake ilifungiwa kabatini. Hata kiti chake cha mbele ya televisheni kilikuwa kimekwenda. Sasa alikikalia mke wake, miguu juu ya stuli, kwa amri ya mama.

Lakini hakujihurumia yeye, au ndivyo alivyojiambia. Alimhurumia mke wake. Kukaa na mama mkwe muda wote huo si mchezo, na mke hakuwahi kunung'unika. Kila Jumamosi aliuliza tu kwa sauti ya chini, "Amefika?" Akijibiwa bado, alishusha pumzi ndefu na kurudi kitini. Mume aliumia moyo.

Basi akazidisha bidii. Alimweleza mama kwamba msuli haujui kusukuma, unajua kuvuta tu. Ndiyo maana misuli hufanya kazi miwili miwili, mmoja ukijikaza mwenzake hulegea. Mama alisema hilo analijua, ndivyo nyumba inavyoendeshwa. Mwanawe akambinya bega: msuli umejaa, mgumu kama kiazi kibichi. Akamchunguza kiwiko asije akawa anakikunja kwa hila. Kimenyooka. Kwa vitabu vyote alivyosoma, mkono ule ulikuwa umepona, ila kwenye msumari haufiki.

"Labda ni umri, Daktari," mama alimwambia kwa upole.

Yeye naye akaanza kuumwa shingo. Kila asubuhi alipoinua macho kutazama tarehe, misuli ya nyuma ya shingo ilimkaza hadi mabegani. Akaulaumu mto, akanunua mwingine, haikusaidia. Mke wake alimkanda kwa mafuta, nywele zake zina vumbi jeupe. Alipomuuliza, alisema alikuwa akichekecha unga.

Jumanne shingo ikagoma kabisa. Mkuu wake alimkuta akimnyoosha mgonjwa huku mwenyewe amepinda, na wagonjwa kwenye benchi wanacheka, akamwambia aende nyumbani kabla hajawaharibia jina. Njiani alikata shauri. Bega lile lilikuwa limemshinda. Atamwomba mama radhi na kumsindikiza hivyohivyo, angalau mke wake apumue.

Aliingia kwa mlango wa uani, kimyakimya, maana hata kuita kulimuuma.

Kalenda ilikuwa mezani. Ukutani, kuanzia usawa wa kidevu chake kwenda juu, kulikuwa na safu ya matundu madogo yaliyozibwa kwa dawa ya meno. Mke wake amesimama juu ya stuli, msumari kati ya midomo, anapima ukuta kwa vidole viwili. Chini yake amesimama mama, mkono wa kulia umenyooka juu hadi umegusa sikio, anampa nyundo.