Mtori Chini ya Kifuniko

Kila sufuria siku hizi ina kifuniko cha serikali, na hakifunguki mpaka mnene amalize glasi sita za maji. Aikande, mke wa mwanangu, amejifungua juzi, lakini kifuniko kimemhesabu mnene. Kila akifika glasi ya nne anatapika. Mtori niliompikia, supu nzito ya ndizi na nyama, umechachia ndani, na mtoto analia kwenye titi kavu.

"Mama, tumbo limejaa maji na njaa iko palepale."

"Jikaze, mwanangu. Nimewaandikia barua wakubwa wa serikali tangu walete haya madude. Majina yao yote ninayo."

Leo asubuhi kifuniko kikalia, kikafunguka chenyewe: mzazi ameruhusiwa kula siku arobaini. Nilipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia dirishani. Nikapika mtori mwingine. Aikande akala bakuli tatu, akalamba na mwiko, na jioni maziwa yakatoka. Mtoto akanyonya mpaka akasinzia.

Nikamlaza kwenye mizani ya jikoni, maana sheria inataka kila aliyeshiba apimwe.

"Hongera," kifuniko kikasema. "Mtoto ana kilo nne na robo. Kuanzia kesho, kijiko kimoja cha maji kabla ya kunyonya."

Aikande alikuwa amelala, uso umetulia. Sikumwamsha. Nilichukua kalamu, nikaandika tarehe juu ya barua nyingine.