Toroli Chini ya Meza ya Pasi

Toroli la bluu halikuwepo chini ya meza.

Mpiga pasi aliinama akatazama tena, kana kwamba toroli zima lenye magurudumu linaweza kujificha nyuma ya mguu wa meza. Palikuwa na waya na vumbi la nyuzi, basi. Alikuwa ameondoka kidogo tu, kwenda kupokea taulo za wageni kwenye lifti ya hoteli, kwa amri ya msimamizi. Bado alikuwa amezikumbatia, zimerundikana hadi kidevuni. Akaziachia zikaanguka.

"Toroli lililokuwa hapa liko wapi?"

"Lile la shuka chafu?" Mpakia mashine, pande la mtu lililopenda utani, hakugeuza hata shingo. "Msimamizi kalisukuma mwenyewe mpaka hapa. Nimeshapakia. Leo nimekufanyia kazi yako, utaninunulia soda."

Mpiga pasi hakucheka. Ndani ya toroli lile, chini ya shuka mbili za juu, alikuwa amemlaza binti yake.

Asubuhi ile kila kitu kilikwenda mrama. Mkewe, ambaye ni muuguzi, alipiga simu kutoka wodini: mwenzake wa kumpokea zamu hajatokea, na wagonjwa hawaachwi peke yao. Jirani anayewashikia mtoto alikuwa hoi kitandani kwa homa.

"Si uombe ruhusa, mume wangu, hata nusu siku?"

"Niombe kwa nani? Kwa Pasi?"

Pasi ni jina walilompachika msimamizi, kwa sababu kila alikopita watu walinyooka. Aliingia kazini kabla ya wote na kutoka baada ya wote. Ofisi yake ilikuwa imefungwa wakati wote, redio ikipiga kelele ndani. Hakuna aliyejua kama ana mume, mtoto, au hata jirani. Majuzi tu, mama mmoja mkunja shuka alichelewa kwa kuwa mwanawe aliamka mgonjwa. Pasi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nyumbani ni nyumbani, kazini ni kazini." Kesho yake shuka zilikunjwa na mtu mwingine.

Ndiyo maana baba mtu alimnywesha mwanawe maziwa mpaka akacheua, akamwingiza kwa mlango wa nyuma ndani ya begi la nguo, akamtandikia torolini. Ngurumo za mashine zilimbembeleza, akalala.

Sasa mashine kubwa ilikuwa ikizunguka. Nyuma ya kioo weupe ulipanda, ukaanguka, ukapanda, ukaanguka, umefunikwa na povu.

"Izime!"

"Una nini wewe?"

"Izime! Mwanangu yumo humo!"

Utani ulimkauka mpakia mashine usoni. Alikipiga kitufe chekundu cha dharura kwa kiganja kizima. Mashine ikaguna, ikasimama, na moja baada ya nyingine zile nyingine nazo zikazimwa. Lakini mlango haukufunguka. Mlango ule hauachii mpaka maji yatoke yote, na maji yalishuka polepole, kama hayana haraka na mtu.

Mpiga pasi aliuvuta mpini mpaka viganja vikachubuka. Akabandika uso kwenye kioo. Ndani ya povu, kitu kidogo cha mviringo kilikuwa kimeegemea upande wa pili. Akakitazama. Akashindwa kukitazama. Akamwona mkewe akirudi nyumbani na uchovu wake, anavua viatu mlangoni, ananyoosha mikono apewe mtoto.

"Mungu wangu," mtu alisema nyuma yake.

Mlango ukalia ta! Waliingiza mikono wote wawili, wakavuta shuka za moto, nzito, zinazochuruzika. Kile kitu cha mviringo kilikuwa foronya iliyojiviringa. Wakavuta tena na tena, mpaka pipa la chuma likabaki tupu.

Mtoto hakuwemo.

Mpiga pasi alikaa chini kwenye maji. Hakujua ashukuru au alie. Kama hayumo humo, nani kamchukua?

"Wewe!"

Pasi alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi yake, mlango ameufungua upana wa bega lake tu. Koti lake jeupe lilikuwa na doa bichi la maziwa.

"Njoo hapa. Wengine mnashangaa nini? Washeni mashine!"

Mpiga pasi aliinuka, akaenda. Kazi ilishaota mbawa, hilo alilijua, na halikumuuma. Kilichomtisha ni lile doa. Akilini alimwona Pasi akipiga simu polisi, mtoto akibebwa na watu asiowajua, yeye na mkewe wakiambiwa kwamba hawafai kuitwa wazazi.

"Mama, nakuomba," alianza kabla hajavuka kizingiti, sauti ikimpanda. "Nifukuze, sina neno. Lakini kama unaye mwanangu, nipe. Usimkabidhi kwa mtu. Nakupigia magoti, mama, mbele ya watu wote hawa, nipe mwana…"

Pasi alimdaka ukosi, akamvuta ndani, akafunga mlango na kugeuza ufunguo. Hapo ndipo mpiga pasi alipouona uso wa msimamizi kwa karibu. Midomo ilikuwa ikimtetemeka.

"Punguza sauti, baba," alinong'ona. "Utawaamsha."

Nyuma ya meza, juu ya taulo zilizokunjwa vizuri, binti yake alikuwa amelala fofofo. Kando yake, mtoto mwingine, anayefanana na Pasi kama shilingi kwa ya pili, alikuwa ameushika mkono wake.