Jiko la Zamaradi

Mfuko wa Utafiti wa Ujasiriamali uliwagawa wafanyabiashara wa mji mafungu mawili. Fungu la kwanza walipewa mitaji wabuni watakavyo. La pili walikatazwa kubadili chochote kwa miaka kumi, ili tofauti ipimike. Zamaradi, muuza vitumbua, aliangukia fungu la pili.

Kila alfajiri, kati ya usingizi na kuamka, aliota jiko linalogeuza vitumbua lenyewe, polepole, kama maua yanayofuata jua. Hakulichora, kwa kuwa hata mchoro ulihesabiwa kuwa badiliko; aliwasimulia tu watafiti waliokuja kumkagua.

Miaka kumi ilipotimia, mtafiti Malekela alikuja asubuhi na barua ya kumwachilia.

“Haya, mama, uko huru. Nionyeshe hilo jiko.”

“Wacha we! Utakoma mwenyewe ukiliona.” Zamaradi alicheka, akaokota kipande cha mkaa, akaukabili ukuta.

Mumewe, Kibwana, alisogea ukutani kutazama. Mkono wa Zamaradi ulichora bila kusita duara moja lenye vishimo saba.

“Mke wangu,” Kibwana alisema taratibu, “si kikaango chetu hicho?”

Zamaradi alifuta, akachora tena. Vishimo saba.

Malekela aliandika kuwa hakuna badiliko, akamshukuru kwa kuupatia utafiti takwimu safi.