Karatasi Mlangoni Petu

Siku hizi bomba la maji halifiki kijijini mpaka kila nyumba ichambuliwe. Kifaa tunachokiita Sikio hutundikwa jikoni siku saba, kisha karatasi hubandikwa mlangoni ikieleza nani ana kauli humo ndani na nani anamwogopa nani.

Kazi ya kuzibandika ni yangu. Kwa miaka mingi nimewaambia wenzangu wa mradi: msiulize sheria inasemaje, ulizeni nani akikohoa watu hunyamaza. Basi zamu ya nyumba yetu ilipofika, sikuwa na shaka kwamba jina la mume wangu, Mwadime, litakaa juu. Shamba ni lake, na vikao vya ukoo huketi yeye.

Karatasi ilisema: "Mwenye kauli ni Wakesho. Mumewe hupunguza redio akisikia hatua zake."

Wakesho ni mimi.

"Mashine imekosea," nikasema.

Mwadime aliisoma mara mbili, akavua miwani. "Haijakosea, Mama Mkamburi."

Mchana kutwa sikutulia. Wakati wa kula nikamuuliza mfereji tuuweke wapi, karibu na jiko langu au karibu na ng'ombe wake.

"Popote upendapo."

"Acha hayo! Sema unachotaka wewe!"

Kijiko kikamsimama mkononi.

"Karibu na jiko," akajibu upesi, kisha akanitazama usoni kuona kama amepatia.