Kiti cha Darasa la Saba

Shuleni kwetu kiti hakiombwi. Mtoto mgeni humpiga mwenye kiti mpaka asiinuke tena, ndipo anaketi.

"Kwa umri wake, aanzie la tatu," mwalimu mkuu alinisihi. "La saba watamuua, mama."

Nilikasirika. Nyamizi nimemfundisha mwenyewe nyumbani: hesabu zote za la saba, hata mifupa, tukichinja kuku nami nikimwonyesha ni upi ukivunjika roho hutoka.

"La saba!" nikasema.

Wakamletea mvulana aliyeanza kuota ndevu. Ngumi ya kwanza ilimng'oa mwanangu meno. Ya pili ikamlaza chini. Nikalia wasimamishe.

Nyamizi akainuka, akatema damu, akamrukia mgongoni, akamkaba shingo.

"Mama, ni mfupa wa pili au wa tatu?"

"Wa pili," nikajibu upesi, kama mwalimu.