Mbwa Aliyefunzwa Vizuri

"Hebu muonyeshe bosi wangu mbwa anavyoingia kizimbani," mumewe alisema.

Fundi cherehani akafuta mikono, uso umechangamka. Kwa wiki saba alikuwa akiacha kushona kila baada ya saa mbili ili amtoe mtoto wa mbwa uani akakojoe. Kwa wiki saba alipiga deki sebule mpaka magoti yakaota sugu. Mumewe ndiye aliyemleta. "Huyu ni wako," alimwambia, "akuondolee upweke." Kizimba cha vyuma pia alikileta yeye.

"Nyumbani," fundi akasema taratibu.

Mtoto wa mbwa akaingia mwenyewe. Akajizungusha mara mbili juu ya blauzi kuukuu ya fundi, akalala, macho kwake, akisubiri kusifiwa.

Mumewe akainama, akafunga komeo.

"Mkeo ana mkono mzuri," bosi akasema. "Siku ile uliponiahidi mbwa huyu, sikuamini kama atakuwa tayari kabla binti yangu hajatimiza miaka kumi."

Fundi akamtazama mumewe. Mumewe alikuwa bado anahangaika na komeo lililokwisha kufungika.

"Nitakutafutia mwingine," akanong'ona.

Bosi akanyanyua kizimba. Pua nyeusi, yenye unyevu, ikapenya katikati ya vyuma na kumgusa fundi kidoleni.

Mpaka anatolewa mlangoni, mtoto wa mbwa hakubweka wala hakulia. Hata hilo fundi alikuwa amemfundisha: ukiwa humo ndani usilie, mama anarudi.